Mpangaji akichelewa kulipa nyumba, mwenye nyumba afanye nini?

Kalembe iko kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Wapangaji wengi wa pale hawana mshahara wa mwezi. Wanaishi juu ya shamba, soko ama kazi ya moto. Barabara ikifungwa, maharagi hayauzwe, na feza ya nyumba inakosekana. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Oktoba 2024, wakati M23 waliingia Kalembe tarehe 20 na watu wakakimbia.

Lakini mwenye nyumba naye ana mzigo. Mara nyingi ni mama mjane ama mzee mwenye nyumba moja tu ya mbao na manjanja. Feza ile ndiyo inalipa masomo ya watoto na dawa. Miezi mitatu ikipita bila kitu, hasira inapanda: wengine wanatoa mlango, wengine wanavua manjanja, wengine wanatupa vyombo inje.

Sheria inasema nini?

Ku Congo kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Disemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kuishi. Inaomba kontra iandikwe. Garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kupita miezi mitatu. Ugomvi ukitokea, pande mbili zinaanza kwanza mbele ya biro ya serikali inayohusika na makao (habitat), ili wapatanishwe. Wakishindwa kuelewana, ndipo wanaenda ku tribinali. Ni tribinali ndiyo inaamua mtu atoke kwa nguvu, si mwenye nyumba. Kwa hiyo anayetoa mlango anaweza kuanza akiwa na haki ya kudai deni, akamaliza yeye ndiye anashitakiwa.

Hatua za kufuata

Kwanza, uliza sababu mapema, usingoje miezi ijikusanye. Mtu aliyekosa soko juu ya vita si sawa na mtu mwenye feza anayekataa kulipa.

Pili, gawanyeni deni. Tuseme nyumba ni faranga 20.000 kwa mwezi na deni ni ya miezi mitatu, yaani 60.000. Mpangaji akiongeza 10.000 juu ya kila mwezi, deni inaisha ndani ya miezi sita. Wengine wanakubaliana kulipa kwa mahindi, maharagi ama kazi ya kutengeneza nyumba. Hakuna ubaya, kama bei ya kila kitu imepangwa mbele.

Tatu, andikeni. Kila malipo yawe na karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi mbili. Asiyejua kuandika aweke kidole mbele ya shahidi. Bila karatasi, inabaki neno la mmoja juu ya neno la mwengine.

Ine, akiendelea kukataa, mpe barua ya kumukumbusha deni, kisha barua ya kumujulisha kwamba kontra itavunjika. Weka kopi.

Tano, itisha mpatanishi. Mahali biro ya habitat iko mbali, watu wanaanza kwa chefu wa kijiji na wazee. Makubaliano ya pale yanasaidia sana, lakini karatasi ya chefu si hukumu ya tribinali, na haitoshi kwa kutupa mtu inje.

Na vita ikija?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unazaliwa. Mpangaji anakimbia, anarudi kisha miezi miwili, anakuta deni ya siku ambazo hakulala mule, ama anakuta mtu mwengine ndani na vyombo vyake havionekane. Muzuri haya yaandikwe ku kontra tangu siku ya kuingia: kodi inahesabiwa ama inasimama wakati wa kukimbia? Nani anabaki na ufunguo? Vyombo vinachungwa wapi, kwa muda gani? Garanti itatumiwa kulipa miezi ile, ama itarudishwa?

Mpangaji naye ana kazi yake. Akijua mwezi huu hataweza, aseme mbele ya siku ya kulipa, na atoe hata nusu. Kukata simu ama kupita njia ya nyuma kunavunja imani kuliko deni yenyewe. Na mwenye nyumba akumbuke: nyumba iliyovuliwa manjanja hailipe deni, na mvua ikiingia, ni yeye atakayejenga upya.