Mkia wa Neno: Warumi na Irabu za Chuoni

Aliyepita chuoni akafika kwenye nahau hasahau taabu ya harakati za mwisho wa neno. Ukitia fat-ha pahali pa dhumma, mwalimu hukurudisha mwanzo. Mbona ugumu wote huo kwa kijisauti kidogo? Jawabu twaweza kulipata hata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale.

Kwa Kiswahili, mpango wa maneno ndio utwambiao nani katenda na nani katendwa. "Mwana amwita tabibu" si sawa na "Tabibu amwita mwana". Mrumi hakufungwa na mpango huo. Akisema "Filius medicum vocat" au "Medicum filius vocat", maana ni moja: mwana amwita tabibu. Amtambulishaye aitwaye ni ule mkia, -um. Ukitaka tabibu ndiye aite, badili mikia: "Filium medicus vocat".

Aliyesoma Ajurrumiya, kile kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, hatapotea hapa. Kwa Kiarabu, tabibu akitenda ni tabibun. Akitendwa ni tabiban. Na kitabu kikiwa chake, yeye huwa tabibin. Kwa Kilatini ni medicus, medicum, medici. Ila hali za Kiarabu ni 3, na za Kilatini ni 6. Iko ya kupewa na iko ya "kutoka kwake", zote mbili medico, na ya kuitwa ni medice, yaani "ewe tabibu!"

Tena majina ya Kilatini yamegawanyika makundi 5, kila kundi na mikia yake. Ndiyo sababu kamusi huandika jina pamoja na hali yake ya kumiliki, kama rosa, rosae (waridi), ili msomaji alijue kundi lake.

Mikia hiyo ilianguka vinywani mwa watu. Katika Kitaliano, Kihispania na Kifaransa, wana wa Kilatini, majina hayana tena hali hizo. Mpango wa maneno umeshika kazi yake. Kiarabu cha sokoni nacho kimeangusha mikia yake, lakini Qur'ani yasomwa kila siku, na wasomao ndio waitunzao.

Neno letu "irabu" limetokana na jina la elimu hiyo hiyo. Basi mwalimu akikurudisha kwa harakati moja, usinune. Achunga maana, mtendwa asije akageuzwa mtenda.