Tairi za Njia Mbili

Wazee walinena, Mshika mbili moja humponyoka. Neno hili ni kweli, wala hatulikanushi. Lakini mwalimu mwenye baiskeli moja hana budi kushika mbili kila siku: asubuhi hupita barabara ya lami, kisha huiacha akaingia njia ya miguu, penye mizizi, mawe na utelezi. Baiskeli ni ile ile, na tairi ni zile zile. Basi leo twataka kunena juu ya kuchagua tairi zifaazo njia zote mbili, maana jambo hili laonekana dogo, lakini sisi tumelilipia kwa mkono wetu.

Kwetu ni Usambara. Barabara ya lami yapanda kutoka Mombo, yapita Soni, hata kufika Lushoto. Bali vijiji vingi viko mbali na lami, na njia zake ni za udongo mwekundu, ambao wakati wa masika huteleza kama sabuni. Siku moja tulikuwa na tairi nyembamba zisizo na meno, tulizozisifu sana kwa wepesi wake. Tukaiacha lami, tukaanza kushuka bondeni, tumefunga madaftari ya watoto nyuma. Gurudumu la mbele likateleza, tukaanguka. Mkono ukateguka, madaftari yakalowa tope, na kwa majuma matatu hatukuweza kuandika ubaoni.

Tulipopona tukakimbilia upande wa pili, tukanunua tairi zenye meno makubwa. Bondeni zilishika vema. Lakini juu ya lami zilivuma kama nyuki, miguu ikachoka, na kengele ikalia nasi tungali njiani. Tena siku ya mvua, penye kona ya lami, meno yale yalipinda chini yetu, tukaponea chupuchupu. Ndipo tulipofahamu ya kuwa meno si mema kila mahali. Udongo laini huingiwa na meno, nayo hushika. Lami haiingiliki, na kishikacho pale ni mpira wenyewe ulalao juu yake. Hata lami ikilowa, tairi ya baiskeli haihitaji meno makubwa.

Basi tairi ya njia mbili ni ipi? Ni ile ambayo katikati ina mstari mfululizo, au meno mafupi yaliyokaribiana, na pembeni ina meno yaliyoachana. Ukienda wima juu ya lami, wabiringika juu ya mstari wa katikati. Ukizama katika tope, au ukiinama penye kona ya udongo, meno ya pembeni hufika chini yakashika. Upana wa milimita 40 hadi 50 wafaa, iwapo baiskeli yaupokea: kati ya tairi na uma, au madigadi, pabaki nafasi ya kupitisha kidole, ili tope lipate pa kupita.

Kama fedha yatosha tairi moja tu, ile mpya yenye meno mema na iwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi utajiweza. La mbele likiteleza, u chini kabla hujasema neno.

Ufikapo dukani, usitaje inchi 26 ukanyamaza, maana tairi za inchi 26 si za namna moja. Soma tarakimu zilizo ubavuni. Ukiona 47-559, 47 ni upana kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa juu ya rimu. Hiyo ni ya baiskeli nyingi za milimani. Lakini 26 x 1⅜ ni 590, na zile baiskeli ndefu za kale za 28 x 1½ ni 635. Tarakimu hii ya pili isipolingana na ya tairi yako ya zamani, usinunue, hata muuzaji aape. Kisha pinda ubavu kidogo. Ukiona nyufa, tairi ile imezeeka ingawa haijatumika.

Tena, upepo ni nusu ya tairi. Tangu John Boyd Dunlop alipopata hati ya tairi ya upepo mwaka 1888, mpanda baiskeli huchukuliwa na hewa. Sisi, kwa tairi ya milimita 47, hutia paundi 45 kwa lami. Tufikapo njia panda huupunguza hata 35, na gurudumu la nyuma hulizidishia kidogo kwa sababu ya mzigo. Usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa ubavuni: tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili sambamba. Nasi twarudi lamini, pampu mkononi, tukaurudisha upepo.

Ndugu zetu, baiskeli si ya mwalimu peke yake. Ndiyo imchukuayo mtoto mgonjwa zahanati, na ndizi za mama sokoni. Basi kabla masika hayajaanza, ipindueni juu chini mbele ya nyumba, baba na mama pamoja, mkazitazame tairi zote mbili, mkianza na ya mbele.