Mwanza hadi Mtwara: Tiketi Moja au Mbili?

Mwanza iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, Mtwara iko jirani na Msumbiji. Kwa mstari ulionyooka angani, kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili kuna kama kilomita 1,190. Abiria wa ndege kwa kawaida hupitia Dar es Salaam, na wengi hulalamika kwamba wanazungushwa. Hawazungushwi. Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 850, Dar hadi Mtwara kama 400. Nyongeza ni kilomita 60 hivi, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika chache.

Muda unaliwa kwingine. Airbus hufika Dar kwa takribani saa moja na nusu. Ndege za pangaboi, kama ATR, huchukua karibu saa mbili. Kipande cha Mtwara ni saa moja na ushee. Kwa hiyo angani hukai zaidi ya saa tatu na kitu, lakini safari yaweza kula siku nzima, hata kukulaza Dar, kwa sababu ratiba za ndege mbili hazikupangwa zisubiriane.

Hapo ndipo tiketi rahisi humponza mtu. Ukinunua tiketi mbili kwa kampuni mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haikudai wala huidai: ndege imeondoka, nauli imekwenda. Tiketi moja ya safari nzima mara nyingi ni ghali kidogo, ila mzigo wa kukupatia ndege nyingine unabaki kwa kampuni ya ndege. Ukiwa kaunta pale Mwanza, tazama kibandiko cha begi kabla halijaondoka. Kikiandikwa MYW, mtakutana Mtwara. Kikiandikwa DAR, utalichukua mwenyewe Dar na kupanga foleni upya, kwa hiyo acha nafasi ya saa tatu au zaidi. Na kama itabidi ulale, jumlisha gesti, chakula na teksi kwenye bei ya tiketi kabla ya kusema umeokoa.

Basi je? Barabarani, kupitia Dodoma na Dar, ni karibu kilomita 1,700. Kwa nauli elekezi za mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini (LATRA) zilizoanza Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, hiyo ilikuwa kama shilingi 82,000 au 115,000. Ni nafuu, hakuna ubishi, lakini ni siku mbili za kukaa kitini, na miguu itakukumbusha. Barabara ya kusini nayo ina msimu wake: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata mawasiliano ya Dar na Lindi. Masika yakianza, uliza kwanza.

Wasafiri wengi husahau kuchanganya. Mwenye fedha ya kipande kimoja tu cha ndege akitumie Mwanza–Dar, maana ndicho kinachookoa zaidi ya kilomita 1,100 za lami. Kutoka Dar, basi la Mtwara ni kilomita 560 hivi, kama shilingi 27,000 daraja la kawaida kwa nauli hizo za 2023, na ukiondoka alfajiri unafika siku hiyohiyo. Mwenye haraka na uwezo anunue tiketi moja ya ndege hadi Mtwara, achague ndege ya kwanza ya asubuhi kutoka Mwanza, na aachane na tiketi mbili hata zikiwa na punguzo.