Mbunge Akifa, Kiti Hakirithiwi

Wewe mkulima wa Mbagala au Chamazi unaijua kazi ya kurudishia. Mbegu zisipoota mahali fulani, unapanda nyingine palepale. Huling'oi shamba zima. Uchaguzi mdogo ni kazi kama hiyo.

Mbunge wa jimbo akifa, kiti chake hubaki wazi. Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi. Tume hutangaza siku ya kupiga kura. Wanaopiga kura ni watu walioandikishwa katika jimbo hilo tu. Mbunge mpya humaliza muda uliobaki. Mche uliorudishiwa huvunwa pamoja na mingine.

Kurudishia kuna wakati wake. Mahindi yakikaribia kukomaa, hurudishii tena. Vivyo hivyo, ikiwa imebaki chini ya miezi 12 Bunge livunjwe, uchaguzi mdogo haufanywi.

Mtoto wa marehemu

Mama mmoja aliniuliza: "Bwana shamba, mbunge akifa, si mwanawe ndiye huchukua?" Hapana, mama. Shamba hurithiwa, jimbo halirithiwi. Mtoto anaweza kugombea kama raia wengine, lakini wananchi ndio waamuzi.

Tazama mifano miwili. Mwaka 2012 alifariki Jeremiah Sumari, mbunge wa Arumeru Mashariki. Mwanawe, Sioi Sumari, aligombea. Wananchi wakamchagua Joshua Nassari. Mwaka 2014 alifariki William Mgimwa, mbunge wa Kalenga. Mwanawe, Godfrey Mgimwa, aligombea, na wananchi wakamchagua yeye. Huku mtoto alishindwa, kule alishinda. Pote kura ndizo zilizoamua.

Hapa kwetu

Kiti huweza kuwa wazi hata bila kifo. Mwaka 1996 mbunge wa Temeke alijiuzulu, na Augustine Mrema akashinda uchaguzi mdogo. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Kinondoni, baada ya mbunge wake kuhama chama.

Je, wewe umehama kutoka Temeke kwenda Kinondoni, na jina lako bado liko Temeke? Basi Kinondoni hutapiga kura. Daftari la Wapiga Kura linapoboreshwa, nenda ukahamishe jina lako. Tunza kadi yako kama unavyotunza mbegu. Msiba haupigi hodi, na mbegu haitafutwi siku ya mvua.