Kulea Mtoto wa Paka Aliyekataliwa na Mama: Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Katika wadi ya Matinyani, iliyoko Kitui Magharibi katika Kaunti ya Kitui, paka ni mlinzi wa nafaka kabla ya kuwa mnyama wa kupakatwa. Wakulima wa eneo hili hutegemea misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba, ambao ndio wa kutumainiwa zaidi, na mazao ya mahindi, kunde, mbaazi na ndengu yanayopatikana hulazimika kuilisha familia katika miezi mirefu ya kiangazi. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri, iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na tangu hapo wakulima wamehimizwa kukausha mahindi barabara na kuyahifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa. Hata hivyo, gunia la aina hiyo likitobolewa na panya, hewa huingia na faida yake hupotea, kwa hiyo nyumba yenye paka hodari hupunguza hasara ambayo dawa na mitego haiimalizi. Ndiyo maana mtoto wa paka anayepatikana peke yake nyuma ya ghala, akilia bila mama, anastahili kutunzwa kwa maarifa na si kwa huruma peke yake.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kama kweli amekataliwa. Paka jike huwahamisha wanawe mara kwa mara akihisi kwamba maficho yake yamegunduliwa, naye huwabeba mmoja baada ya mwingine kwa meno, hivyo mtoto anayeonekana ameachwa huenda anangojea zamu yake. Ikiwa mtoto ana joto na hakuna hatari ya mbwa, siafu wala mvua, inafaa mtu akae mbali na kutazama kwa saa moja au mbili kabla ya kumgusa. Dhana kwamba mama humkataa mwanawe kwa sababu tu ameshikwa na binadamu haina msingi mkubwa kwa paka wa nyumbani, ingawa usumbufu wa watoto wa shule na wageni wanaochungulia kila mara unaweza kumfanya mama awahame. Sababu za kawaida za kukataliwa ni mama kuwa mzazi wa mara ya kwanza, kuugua homa au uvimbe wa matiti, kukosa maziwa kwa njaa, au kuzaa watoto wengi kuliko anaoweza kuwanyonyesha. Wakati mwingine mama humsukuma kando yule aliye baridi na mnyonge, na kwa sababu hiyo mtoto akipashwa joto vizuri kisha akarudishwa, mama anaweza kumpokea tena.

Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, sawa na pakiti ndogo ya majani ya chai, akiwa haoni, hasikii, na hana uwezo wa kutetemeka ili kuuzalishia mwili joto. Katika wiki ya kwanza joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 35 na 37 za Selsiasi, chini ya lile la paka mzima, ambalo hufikia 38 na kuzidi, na joto hilo lote hutegemea ubavu wa mama na mlundikano wa ndugu zake. Wageni hudhani kwamba Kitui ni nchi ya joto mwaka mzima, lakini wenyeji wanaujua ubaridi wa Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda kutwa na sakafu ya saruji ikawa baridi kuanzia magharibi hadi asubuhi. Mtoto aliyelazwa juu ya sakafu hiyo hupoteza joto upesi, moyo wake hupiga polepole, na matumbo yake husimama kufanya kazi. Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea, kwa kuwa mwenye huruma humwona mtoto akiwa mnyonge, hudhani ni njaa, na humtilia maziwa mdomoni. Maziwa hayo hayasagiki, bali hukaa tumboni na kuchacha, au hurudi juu na kuingia katika mapafu, na mtoto hufa akiwa ameshiba. Kanuni inayotangulia nyingine zote ni kwamba mtoto aliye baridi halishwi mpaka apate joto.

Kumpasha joto kunahitaji subira, kwa sababu joto la ghafla huvuta damu kwenye ngozi na kuuacha moyo na ubongo bila damu ya kutosha. Njia iliyo salama ni kumweka kifuani chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, au katika boksi dogo lililotandikwa kitambaa, lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa leso upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kujiburura hadi upande mwingine. Ndani ya boksi hilo hewa inapaswa kuwa na nyuzi 30 hadi 32 katika wiki ya kwanza, kisha ipunguzwe kidogo kidogo wiki zinazofuata, na chupa ibadilishwe kabla haijapoa, kwani chupa iliyopoa huanza kumnyonya mtoto joto. Jiko la makaa halifai kuwekwa katika chumba kilichofungwa, maana hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua watu na wanyama pia. Mtoto akishapata joto lakini bado amelegea, tone la maji ya sukari linaweza kupakwa kwenye ufizi wake ili kuinua sukari iliyoshuka katika damu, na akianza kulia na kutafuta chuchu kwa mdomo, hiyo ndiyo ishara kwamba yuko tayari kulishwa.

Chakula bora kuliko vyote ni ziwa la paka mwingine anayenyonyesha, na katika kijiji ambacho karibu kila boma lina paka, kuulizia kwa majirani kabla ya kununua chochote ni busara. Mtoto husuguliwa kwa kitambaa cha kiota cha mama huyo mpya ili achukue harufu ya wenzake, kisha huwekwa katikati yao. Faida huwa kubwa zaidi ikiwa mama huyo amezaa karibuni, kwa sababu dang'a, yaani maziwa mazito ya mwanzo, hubeba kingamwili ambazo ni kinga dhidi ya maradhi, na utumbo wa mtoto wa paka huweza kuzipitisha hadi kwenye damu kwa muda wa saa 16 hadi 18 tu baada ya kuzaliwa. Aliyekosa dang'a anaweza kuishi, lakini usafi wa mikono, vyombo na matandiko yake huwa ndio kinga aliyobaki nayo.

Pasipo mama wa kambo, hutumika maziwa maalumu ya unga ya watoto wa paka, ambayo hupatikana kwa madaktari wa mifugo na maduka ya wanyama wa nyumbani mijini, hasa Nairobi. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yanayopatikana Matinyani hayatoshi, kwani kila gramu 100 za maziwa ya paka huwa na takriban gramu 7 za protini, ilhali ya ng'ombe huwa na gramu 3.3 hivi, na sukari ya maziwa iitwayo laktosi iliyomo katika maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha mtoto. Kenya ina ushahidi mzuri kwamba maziwa ya mnyama mmoja si mbadala rahisi wa maziwa ya mwingine. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa ya ndovu wachanga waliofiwa na mama zao, ambao walikuwa wakifa kwa kunyweshwa maziwa ya ng'ombe, hadi alipopata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Leo baadhi ya ndovu waliolelewa kwa maziwa hayo hurudishwa porini kupitia kituo cha Ithumba, kaskazini mwa Hifadhi ya Tsavo Mashariki, upande wa kusini wa Kitui.

Kwa dharura ya siku moja au mbili, maziwa ya mbuzi au ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kuongezwa kiini cha yai moja kwa kila mililita 250, ili kuzidisha protini na mafuta, bila ule ute mweupe, ambao ukiwa mbichi huzuia mwili kutumia biotini, mojawapo ya vitamini. Desturi ya kuongeza maji kwenye maziwa kwa hoja kwamba tumbo la mtoto ni dhaifu inapaswa kuachwa, kwa kuwa hupunguza protini ambayo tayari ni haba.

Kipimo cha chakula hufuata uzito. Mtoto wa gramu 100 huhitaji takriban mililita 20 za maziwa maalumu kwa siku, lakini tumbo lake hubeba mililita 4 tu kwa mara moja, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo, bila kulijaza tumbo, kila baada ya saa tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hivyo hivyo hata usiku wa manane. Hulishwa kwa kichupa chenye chuchu ndogo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa yakiwa na uvuguvugu usiochoma mtu akidondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Hulala kifudifudi na kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama, wala halazwi chali kama mtoto mchanga wa binadamu, kwa sababu akilala chali maziwa hupitia njia ya hewa na kuleta nimonia. Bomba husukumwa tone kwa tone naye akimeza kwa hiari yake, na maziwa yakitokeza puani, ulishaji husimama mara moja.

Baada ya kula huja kazi ambayo wengi hawaijui. Mtoto wa paka hawezi kukojoa wala kwenda haja kubwa mwenyewe mpaka afikie wiki tatu hivi, kwani mama ndiye huamsha haja hizo kwa kumlamba, kwa hiyo mlezi hulazimika kumpangusa chini ya mkia kwa pamba au kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kabla au baada ya kila mlo. Asipofanyiwa hivyo, kibofu hujaa, tumbo huvimba, na mtoto hufa ilhali maziwa anayonyweshwa ni mazuri.

Mizani ndiyo shahidi wa kweli wa malezi haya. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na mizani ya kidijitali ya dukani inatosha kumpima kwa saa ile ile kila siku na kuandika daftarini, maana uzito husimama siku nzima kabla jicho halijaona dalili yoyote. Asiyeongezeka kwa siku moja huangaliwa upya joto, kipimo na kinyesi chake, na anayepungua hupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Viroboto nao hunyonya damu ya kiumbe kidogo hivi mpaka kikaishiwa, lakini tiba isiyofaa huua upesi kuliko viroboto wenyewe. Dawa za kupe za ng'ombe, na unga wa mbwa wenye pamethrini unaouzwa madukani, ni sumu kali kwa paka, na kadhalika kidonge cha parasetamoli, hata kipande chake. Kitana chenye meno ya karibu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha kukaushwa na kupashwa joto papo hapo, hutosha katika wiki za mwanzo.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno huchomoza kuanzia wiki ya tatu, na kuanzia wiki ya nne mtoto huweza kuonjeshwa chakula laini chenye nyama au samaki, si ugali mtupu, kwa kuwa paka ni mla nyama ambaye mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho cha lazima kwa macho na moyo. Afikapo miezi mitatu huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka huambukizwa na kuambukiza kama mbwa. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza ulizinduliwa mwaka 2014 ukilenga mwaka 2030, na Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia.

Wapo watakaokufa hata wakilelewa vyema, hasa katika wiki ya kwanza, na mlezi hana sababu ya kujilaumu kwa hilo. Hata hivyo, wengi hufa kwa mambo yanayozuilika, yaani baridi, maziwa yaliyotangulia joto, kulazwa chali na kibofu kilichojaa, na kuyazuia hakuhitaji fedha nyingi bali mpangilio na kukesha. Anayeokota mtoto wa paka aliyeachwa na amtie kifuani kwanza, ndipo aulize habari ya maziwa.