Mikia ya Maneno ya Hospitali: Tufahamu Kabla ya Kutia Sahihi

Katika nyumba zetu nyingi mna bahasha ya hospitali iliyohifadhiwa pamoja na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Mara nyingi mama ndiye anayeibeba, ndiye anayeulizwa na jamaa, "Daktari amesemaje?", na ndiye anayewekewa karatasi mbele yake atie sahihi. Maneno yaliyomo humtatiza hata aliyesoma Kiingereza skuli. Hata hivyo, mengi ya maneno hayo yana miisho inayofanana, na mwisho ndio uliobeba sehemu kubwa ya maana. Mwenye kuijua miisho michache tu huweza kujua aulize nini.

Jambo hili si geni kwetu sisi wenye Kiswahili. Funga na fungua, ziba na zibua, hutofautiana mwishoni tu, wala hapana mtoto wa Pwani anayeyachanganya. Istilahi za tiba nazo zina mikia ya namna hiyo, na asili ya mikia hiyo ni Kiyunani. Vitabu vya tiba vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na Hunayn ibn Ishaq akiwa miongoni mwa vinara wa kazi hiyo. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona akaifasiri Al-Qanun ya Ibn Sina kwa Kilatini huko Toledo. Elimu hii, basi, imepita pia katika miji yetu ya Kiislamu.

Tuanze na mkia unaoonekana zaidi, "-itis", ambao hutamkwa "aitis". Maana yake ni kwamba sehemu fulani ya mwili imevimba, ina joto na inauma. "Tonsillitis" ni mafindofindo, "hepatitis" ni ini, "arthritis" ni viungo, na "appendicitis" ni kidole tumbo. "Mastitis" ni titi la mama, na kwa kawaida mama mwenye maradhi hayo hushauriwa aendelee kunyonyesha. Tukumbuke kuwa mkia huu hutaja mahali penye uvimbe, lakini hautaji sababu yake. Macho mekundu, yaani "conjunctivitis", huweza kuletwa na bakteria, na virusi, au na vumbi tu. Kwa hiyo dawa iliyomfaa mtoto wa jirani huenda isimfae wako.

Mkia wa pili ni "-oma", ambao aghalabu huashiria uvimbe uliomea. Wengi wakilisikia neno lenye mwisho huu hudhani wameambiwa saratani. Sivyo daima. "Lipoma" ni uvimbe wa mafuta usio saratani. "Myoma" ni uvimbe wa kizazi ambao wengi wetu tunauita fibroidi, nao mara nyingi sana si saratani. "Carcinoma" ndiyo saratani. Kisha kuna "glaucoma", ambayo si uvimbe kabisa, bali ni maradhi yanayoharibu mshipa wa kuonea wa jicho. Mkia hutuongoza, lakini haumalizi kazi.

Wa tatu ni "-aemia", nao huhusu damu. "Anaemia" ni upungufu wa damu, na kila mja mzito hupimwa kwa ajili yake kliniki. "Septicaemia" ni viini vya maradhi vilivyoenea katika damu, nayo ni hali ya dharura. "Hyperglycaemia" ni sukari iliyopanda katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari iliyoshuka. Hapa mkia ni mmoja na kichwa ndicho kilichobadilika. Mwenye kisukari anayenuia kufunga Ramadhani hana budi kuzijua hali zote mbili, kwa kuwa kila moja ina hatari yake.

Sasa tufike penye uzito zaidi, yaani upasuaji. Hapa mna mikia mitatu inayokaribiana kwa sauti na kutengana kwa maana. "-otomy" ni kukata au kufungua: "laparotomy" ni kufungua tumbo, na "episiotomy" ni kule kukata kidogo kupanua njia ya mtoto wakati wa kuzaa. "-ostomy" ni kutoboa tundu: "colostomy" ni tundu la tumboni la kupitishia choo. "-ectomy" ni kukata na kuondoa: "appendicectomy" ni kuondoa kidole tumbo, na "mastectomy" ni kuondoa titi.

Mwanamke mwenye fibroidi huweza kuandikiwa moja ya maneno mawili. "Myomectomy" ni kuondoa uvimbe na kukiacha kizazi. "Hysterectomy" ni kukiondoa kizazi chenyewe, na baada yake hapana hedhi wala mimba tena. Maneno yote mawili yana mkia mmoja, na yote mawili huenda yakaelezwa nyumbani kwa kauli ile ile, "Atafanyiwa operesheni ya uvimbe." Yapo maradhi ambayo hapana budi kizazi kiondolewe ili mama aishi, na daktari hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Lakini mama aingie chumba cha upasuaji akijua, naye na mumewe wawe wamekwisha kushauriana.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imempa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Kwa hiyo tunapoomba kuelezwa kwa Kiswahili tunadai haki yetu. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: Ni sehemu gani itakayokatwa? Kitaondolewa nini, na kitabaki nini? Ipo njia nyingine? Ikiwa ni dharura, maswali yawe mafupi, wala tusimcheleweshe mgonjwa.

Hatusemi kwamba mwenye kujua mikia sita amekuwa tabibu. Kazi ya kutambua maradhi ni ya wenye ujuzi, na dini yetu imetuamrisha tuwaulize wao tusipojua. Ila mwenye kuuliza hufaidika zaidi akijua anauliza nini, na wahenga walikwisha kusema kuwa kuuliza si ujinga. Binti anayesoma sekondari na akae na mama yake wiki hii, waifungue ile bahasha, wayasome maneno pamoja kuanzia mwishoni.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.