Je, Wajua? Ndege za mabomu za Ziwa Tanganyika

JE, WAJUA kwamba Ziwa Tanganyika, hili hili tunaloogelea Jumapili pale ufukwe wa Saga, liliwahi kuwa na kambi ya ndege za mabomu? Ilikuwa 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ilikuwa upande wa Kongo, porini, kwenye bwawa la Tungwe, karibu na mji wa Albertville ambao leo unaitwa Kalemie. Waliorusha ndege ni Wabelgiji, ila ndege zenyewe walipewa na Waingereza.

JE, WAJUA kwamba kambi hiyo haikuwa na uwanja wa kurukia? Ndege zote nne, aina ya Short 827, zilikuwa za majini: badala ya magurudumu zilifungwa maboya. Mbona basi hazikutumia ziwa lenyewe, pana vile? Mwulize mvuvi yeyote wa Rumonge, atakujibu kwa neno moja: mawimbi. Upepo ukiamka, ziwa hili halina mzaha na mtumbwi, sembuse ndege ya mbao na kitambaa. Bwawa la Tungwe lilikuwa shwari.

JE, WAJUA zilifikaje? Kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, kisha reli, mashua, na reli tena, zikiwa vipande ndani ya makasha. Ya kwanza ilipaa Mei 1916, rubani akiwa Aimé Behaeghe. Kasi yake ilikuwa kama kilomita 100 kwa saa; Probox inayowahi abiria wa Rumonge ingeshindana nayo vizuri tu. Behaeghe hakuuona mwaka mpya, aliugua akafia Kongo Desemba 1916.

JE, WAJUA walikuwa wakiwinda nini? Meli moja: Graf von Götzen ya Wajerumani, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Juu yake ulifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Na manowari hiyo nayo ndege zilichangia kuimaliza! Waingereza walifyeka uwanja kisiwani Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya Rufiji wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli zao. Ndege ilipigwa, ikawa inashuka, na Arnold bado anatuma ishara za kurekebisha shabaha. Wakaangukia mtoni, wakaokoka. Königsberg haikuokoka, lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake.

Turudi ziwani. Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka hadi Kigoma wakaidondoshea Götzen mabomu. Waliporudi walisema wameipiga. Meli haikuzama. Na hapa ndipo mimi hucheka: kufikia wakati huo ule mzinga wa kutisha ulikuwa umeng'olewa na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake pamewekwa mzinga wa bandia, wa mbao.

JE, WAJUA kwamba mwezi huohuo Wabelgiji waliingia Usumbura, yaani Bujumbura yetu, na tarehe 17 wakawa Gitega? Ushindi huo haukuletwa na ndege. Uliletwa na askari wa Kiafrika wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo, na wapagazi wa Kongo, ambao hukadiriwa kufika 260,000 katika vita nzima. Majina ya marubani yamo vitabuni. Ya wapagazi mtayatafuta sana.

JE, WAJUA kwamba Wajerumani nao walijaribu kuwafikia watu wao kwa anga? Novemba 1917 puto lao kubwa la injini, L 59, liliondoka Bulgaria na shehena ya kuja Afrika Mashariki. Lilifika Sudan, likaamriwa kurudi. Saa 95 hewani, kilomita zaidi ya 6,700, bila kutua.

JE, WAJUA nani hatimaye aliizamisha Götzen? Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito zisile kutu. Kigoma ilianguka siku mbili baadaye. Grisi ilifanya kazi yake: Waingereza waliiopoa meli mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ndiyo, Liemba ile ile. Wengi wetu wa Bujumbura tuna jamaa waliopanda meli hiyo Mei 2015, walipokuwa wakimbizi, wamekwama kwa maelfu kijijini Kagunga, Tanzania, ikawa inawachukua mafungu kwa mafungu hadi Kigoma.